Majirani wa Rusumo wanaokutana Seoul

Kutoka mji wa Ngara, mkoani Kagera, hadi daraja la Rusumo ni safari ya gari isiyomaliza asubuhi. Ng'ambo ya Mto Kagera ni Rwanda. Ukishika barabara nyingine kutoka Ngara unafika Kabanga, na ukivuka hapo uko Kobero, Burundi. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam hupita mipaka hii miwili mchana na usiku. Pembeni mwa malori wapo wachuuzi wa ndizi, maharage na vitenge wanaovuka asubuhi na kurudi jioni.

Sasa mchukue mtangazaji wa redio ya dini aliyeko Ngara. Akitaka kukaa meza moja na mtangazaji mwenzake wa Kirehe, Muyinga au Bukavu, wazungumze kazi kwa siku tatu au nne, nafasi inayojitokeza mara nyingi haiko Rusumo. Iko Seoul, Berlin au Roma.

Agosti 2022, SIGNIS, chama cha Wakatoliki cha mawasiliano duniani, kilifanya kongamano lake Seoul, Korea Kusini, na mada ilikuwa amani katika ulimwengu wa kidijitali. Chama hicho kilizaliwa mwaka 2001 kwa kuunganisha vyama viwili vya tangu 1928, kimoja cha redio na televisheni na kingine cha filamu. Mwaka mmoja kabla ya Seoul, Septemba 2021, WACC, ambacho ni chama cha Kikristo cha mawasiliano chenye makao Toronto, Kanada, kilishirikiana na Baraza la Makanisa Ulimwenguni kuitisha mkutano Berlin kuhusu mawasiliano na haki ya kijamii katika zama za kidijitali. Korona ilikuwa haijaisha, kwa hiyo baadhi walikuwa ukumbini na wengine walifuatilia kwenye skrini. Mazungumzo hayo yaliendelea Karlsruhe, Ujerumani, mwaka uliofuata, Baraza lilipofanya Mkutano Mkuu wake.

Mfanyabiashara wa mpakani ana haki ya kuuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu sehemu kubwa ya anachosikia kuhusu mpaka, ukiondoa kinachosemwa na madereva na mawakala wa forodha, hukisikia kwenye redio, na redio nyingi za maeneo ya mipakani ni za dini. Anayekaa mbele ya kipaza sauti hicho, anachojua na anayefahamiana naye ng'ambo ya mto ni mambo yanayoweza kumfikisha mtu sokoni au kumbakiza getini na mzigo unaooza.

Ngara yenyewe ni mfano. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufika robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania ndani ya muda wa siku moja hivi, wakitoka Rwanda. Kambi ya Benaco ilijaa kabla dunia haijajua iko wapi. Mwaka uliofuata, shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Redio Kwizera hapo Ngara. Jina lenyewe ni la Kinyarwanda na Kirundi, lina maana ya kuamini na kutumaini. Redio hiyo ilianzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda na Burundi, ikawa inasikilizwa pia na wenyeji, na wakimbizi walipopungua ikabaki kuwa redio ya jamii. Chombo kilichoanza kwa ajili ya waliokimbia mpaka kimekuwa chombo cha wanaoishi kwa mpaka.

Mawimbi ya redio hayasimami forodhani. Rwanda ilipofunga Gatuna mwishoni mwa Februari 2019, na lango hilo likakaa hadi Januari 31, 2022 ndipo likafunguliwa tena, bidhaa zilikwama, watu walikwama, lakini aliyekuwa Kabale na aliyekuwa Gicumbi waliendelea kusikia redio za pande zote mbili. Ndivyo ilivyo pia kati ya Burundi na Rwanda tangu Januari 2024, Burundi ilipofunga mpaka wake. Katika hali kama hiyo, neno moja lisilo sahihi kutoka studio ya upande huu hufika upande wa pili bila kukaguliwa na mtu.

Somo la Goma

Aliyefanya biashara kati ya Goma na Gisenyi mwaka 2019 hahitaji kusimuliwa. Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri ulitangazwa Agosti 1, 2018 na kumalizika Juni 25, 2020. Waliougua walikuwa 3,470, waliokufa 2,287. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa ndani ya jiji la Goma, Julai 14, 2019, alikuwa mchungaji. Alikuwa amefika kwa basi akitoka Butembo, ambako alikuwa akihubiri makanisani. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Agosti 1 Rwanda ikafunga mpaka kwa saa kadhaa, na wanawake waliokuwa wamebeba nyanya, vitunguu na maziwa wakakuta lango la Petite Barrière, linalopitisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku, limezibwa.

Kilichofanya ugonjwa ule uwe mgumu hakikuwa virusi peke yake. Watu wa Beni na Butembo waliambiwa Desemba 2018 kwamba hawatapiga kura pamoja na wenzao, na sababu mojawapo iliyotolewa ni Ebola. Tangu hapo wengi waliona ugonjwa ni siasa, wengine wakaona ni mradi wa watu kupata fedha. Wahudumu wa afya walishambuliwa. Familia zilificha wagonjwa na kuzika usiku. Mazishi ni jambo la dini kabla ya kuwa jambo la hospitali. Mtu akiambiwa asimwoshe maiti wake, hataki kuisikia amri hiyo kwa mgeni aliyevaa nguo za plastiki. Anataka kuisikia kwa padri wake, kwa mchungaji wake, kwa imamu wake.

Juni 2019 ugonjwa ulivuka. Familia iliyokuwa imehudhuria mazishi ya babu upande wa Kongo ilirudi Kasese, Uganda, kwa njia ya panya, na mtoto wa miaka mitano akafariki. Uganda ilikuwa imejiandaa vizuri, moto ukazimwa haraka. Lakini tazama jinsi safari ile ilivyokuwa: mazishi upande mmoja, nyumbani upande mwingine, na katikati mpaka ambao kwa familia ile haukuwa na maana yoyote. Mtangazaji wa kanisa aliyeko Kasese na mwenzake wa Beni walikuwa na wasikilizaji wa ukoo mmoja. Je, walikuwa na namba za simu za wenzao?

Hilo ndilo swali ambalo kongamano la watangazaji wa dini lingepaswa kulijibu, na ndilo ambalo kongamano la Seoul au Berlin, kwa uzuri wake wote, haliwezi kulijibu vya kutosha.

Ukuta usioonekana

Ipo sababu ya majirani hawa kukutana mbali, na haitajwi mara nyingi. Kanisa Katoliki, ambalo ndilo lenye mtandao mpana wa redio katika eneo hili, limeligawa eneo la Maziwa Makuu katika nyumba mbili. Maaskofu wa Kenya, Tanzania, Uganda na Sudan Kusini wamo AMECEA, umoja ulioanza mwaka 1961, ofisi zake Nairobi, ukiwa na Malawi, Zambia, Ethiopia, Eritrea na Sudan. Maaskofu wa Rwanda, Burundi na Kongo wamo ACEAC, umoja mwingine. Mgawanyo huu unafuata mstari wa lugha za kikoloni, Kiingereza huku na Kifaransa kule. Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007 na Kongo ikafuata mwaka 2022. Ramani ya kanisa imebaki palepale.

Matokeo yake yanaonekana kwenye kalenda. Semina ya mawasiliano ikiitishwa kupitia Nairobi, Ngara inaalikwa na Kirehe haialikwi. Ikiitishwa upande wa ACEAC, Bukavu inakwenda na Kigoma inabaki. Wanapokutana ni pale juu, kwenye kongamano la bara au la dunia.

Na huko juu kuna kichekesho kidogo. Lugha rasmi za SIGNIS ni Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Mtu wa Bukavu anayezungumza Kiswahili sokoni Kadutu, na mtu wa Kigoma anayezungumza Kiswahili sokoni Mwanga, wakiwa ukumbini watavaa visikilizio masikioni, mmoja aongee Kifaransa, mwingine Kiingereza, na mkalimani alipwe kuwaunganisha. Wakitoka nje kunywa chai ndipo wanapogundua kwamba wangeweza kuzungumza tangu asubuhi.

Waprotestanti wako mbele kidogo kwa hili. Baraza la Makanisa la Afrika Nzima, lililozaliwa Kampala mwaka 1963 na lenye makao Nairobi, linachanganya nchi za Kiingereza na za Kifaransa. Lakini nalo ni la bara zima, na mpaka wa Kabanga ni mdogo sana kwenye ajenda ya bara zima.

Gharama ya kiti

Tuje kwenye hesabu, ambayo wasomaji wa ukurasa huu wanaijua kuliko wengi. Viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen ilipanda kutoka yuro 80 hadi 90 Juni 2024. Ukikataliwa, fedha hairudi. Unatakiwa uende mwenyewe kutoa alama za vidole, uwe na bima ya safari inayofikia yuro 30,000, barua ya mwaliko, na taarifa ya benki ya kuonyesha una kipato na una sababu ya kurudi nyumbani. Mtangazaji wa redio ya parokia, ambaye mara nyingi anajitolea au analipwa posho, ataonyesha taarifa gani ya benki?

Kwa aliyeko Goma au Bukavu mambo ni magumu zaidi. Maombi ya viza ya Schengen hushughulikiwa Kinshasa, na Kinshasa hakuna barabara ya maana ya kukufikisha kutoka Kivu. Ni ndege. Mwaka 2025, baada ya mapigano ya Januari, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Mtu wa aina hii ndiye ambaye mkutano wa amani ungemhitaji kuliko wote, na ndiye anayekwama kabla hajaanza safari.

Anayefika basi ni nani? Ni mkurugenzi, padri aliyesoma Roma, ofisa mawasiliano wa makao makuu ambaye pasi yake tayari ina mihuri. Ni watu wazuri na wanajua kazi yao. Lakini hawakai studio ya mpakani saa kumi na moja alfajiri wakati wachuuzi wanapopanga foleni, na ripoti wanayorudi nayo huandikwa kwa ajili ya mfadhili aliyelipa tiketi.

Linganisha na utaratibu wa hapa. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Kenya, Uganda na Rwanda zinakubali raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zinazotambuliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, anapewa hati rahisi ya uasili pale pale mpakani. Kituo cha pamoja cha Rusumo, kilichojengwa kwa msaada wa Japani na kuzinduliwa rasmi mwaka 2016, kinamfanya msafiri agongewe mihuri ya nchi mbili chini ya paa moja. Wachuuzi wamepigania mambo haya, wanayatumia, na wanajua yanapokwama. Taasisi za dini, zenye waumini pande zote, hazijayatumia kwa mikutano yao.

Mikutano ya ng'ambo isidharauliwe. Mitandao hii ya kimataifa hutoa mafunzo na fedha za miradi, na mwandishi akikamatwa nyumbani, barua ya kutoka Toronto au Brussels inaweza kusomwa haraka kuliko ya kutoka mtaa wa pili. Yapo pia mambo ambayo Mrundi na Mnyarwanda wanaweza kuyasema wakiwa Berlin na wasiyaseme wakiwa Muyinga. Tena baadhi ya yanayojadiliwa huko ni ya kwetu kabisa. Uganda ilipozima intaneti kwa siku tano wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, mfanyabiashara wa Mutukula aliyezoea kupokea oda kwa WhatsApp alibaki na simu ya kupigia tu. Haki za kidijitali zilizozungumzwa Berlin miezi minane baadaye zilikuwa ni hizo.

WACC pia ndiyo inayoratibu utafiti wa kimataifa unaohesabu kila baada ya miaka mitano ni nani anayeonekana kwenye habari. Mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu wanaozungumziwa au kunukuliwa. Mwaka 2020 walikuwa asilimia 25. Ukisimama Petite Barrière au Busia asubuhi ukahesabu waliobeba mzigo, utaona kwamba wanaofanya biashara hiyo ndogo wengi wao ni wanawake. Ukifungua gazeti, au redio, kusikia nani anaulizwa kuhusu ushuru, ni ofisa mwanamume. Takwimu hiyo ina kazi mpakani kuliko kwenye maktaba ya Toronto.

Wasioalikwa

Kuna kasoro nyingine ya kongamano la mbali, na kwa wafanyabiashara huenda ni kubwa kuliko viza. SIGNIS ni ya Wakatoliki, WACC ni ya Kikristo. Watangazaji wa redio za Kiislamu za Morogoro, Tanga, Mombasa au Kampala si wenyeji wa vikao hivyo. Lakini soko halina upande wa Wakristo na upande wa Waislamu.

Februari 2013, mgogoro wa nani achinje nyama ya kuuzwa buchani ulilipuka Buseresere, mkoani Geita. Mchungaji aliuawa. Ulikuwa mgogoro wa biashara ya nyama kadiri ulivyokuwa wa imani, na wauza mifugo wa Kanda ya Ziwa waliuona hivyo. Mwezi huohuo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia redio mbili kwa miezi sita kwa madai ya uchochezi: Kwa Neema FM ya Mwanza, ya Kikristo, na Redio Imaan ya Morogoro, ya Kiislamu. Adhabu ilitolewa siku moja kwa pande mbili ambazo hazikuwa na meza ya kukutania.

Redio ya dini inaweza kutuliza na inaweza kuwasha. Inategemea nani yuko studio na anamjua nani. Kufungia chombo baada ya damu kumwagika ni kazi ya mamlaka, na kila nchi ina mamlaka yake na masharti yake. Wasimamizi hao wana jumuiya yao ya kikanda, EACO, yenye sekretarieti Kigali, na hukutana. Watangazaji wa dini wanaosimamiwa nao hawana kikao cha namna hiyo.

Kikao hicho hakihitaji jumba la mikutano la Seoul. Kinahitaji ukumbi wa parokia au wa shule, nauli za mabasi, kitanda cha nyumba ya wageni na siku tatu. Ajenda ipo tayari: nani anampigia nani mpaka ukifungwa ghafla, tangazo la ugonjwa linathibitishwaje kabla ya kusomwa kwa Kiswahili, Kirundi na Kinyarwanda, bei za mazao zinatoka kwa nani, na mhubiri wa kununua muda wa hewani akianza kutukana waumini wa dini nyingine au watu wa nchi jirani, nani ana ujasiri wa kumzimia kipaza sauti, hata kama kalipa. Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani viwemo kama wenyeji, maana ndio wanaojua tetesi ipi ilimfanya nani apoteze mtaji.

Kongo ndiyo ngumu. Imeingia Jumuiya lakini utekelezaji wa itifaki uko nyuma, na sehemu ya Kivu imo vitani. Mwaliko wa kwenda Bukavu leo si wa kuandikwa kirahisi. Mwaliko wa kutoka Bukavu kuja upande huu unawezekana zaidi, na hata huo utategemea nani anashikilia lango wiki hiyo.

Kuhusu mahali, jiografia imeshaamua. Mpaka wa Burundi na Rwanda ukiwa umefungwa, mtu wa Bujumbura anayetaka kufika Kigali kwa barabara hupita Gitega, Muyinga, Kobero na Kabanga, kisha anashika njia ya Rusumo. Anapita wilaya ya Ngara. Wafanyabiashara wa Burundi na Rwanda wanalala katika nyumba za wageni za huko tangu Januari 2024, na wamiliki wake wanajua kupika kwa ajili ya wote wawili.